Mwenyekiti wa Wanaosubiri

Mama Pacha aliuguza watu miaka thelathini na mmoja katika hospitali ambayo madirisha ya wodi yake yalitazama ziwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kukanyaga boti. Alikuwa akitandika vitanda huku macho yakimponyoka nje, kwenye kisiwa kilichoonekana mbali, asubuhi zisizo na ukungu, kama kofia nyeupe iliyoangukia majini. Wagonjwa wavuvi walimwambia weupe ule ni ndege, maelfu kwa maelfu, wamekaa juu ya mawe. "Nikistaafu tu, nakwenda kuwaona," akawa anasema, nao wakawa wanaitikia, kama mtu anavyomwitikia nesi aliyeshika sindano.

Alipostaafu hakupoteza muda. Alimwita mdogo wake wa kiume, fundi wa injini mwenye boti ya mbao, akamwambia, "Unanipeleka kisiwani. Tunalala huko usiku mmoja, tunarudi."

Fundi akakuna kichwa. "Dada, injini yenyewe ni kikongwe. Itatuchukua kutwa nzima."

"Nimengoja miaka thelathini na mmoja. Kutwa ni nini?"

Mumewe alikwenda nao kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Alikuwa mwalimu wa hisabati, naye amestaafu, mtu mwembamba mwenye kalamu mfukoni hata akiwa amevaa nguo za kulalia. Maji hakuyapenda, hata kuoga alioga kama mtu anayetekeleza agizo. Tena alikuwa na kidonda moyoni ambacho hakumwonyesha mtu: katika miaka sitini na miwili ya kuishi duniani, hakuwahi kuchaguliwa kuwa chochote. Shuleni walipita walimu wakuu wanne, na wawili kati yao ni yeye aliyewafundisha kugawanya kwa sehemu. Mtaani aliwahi kugombea ujumbe wa kamati ya usafi, akapata kura moja, ya kwake mwenyewe, maana siku hiyo Mama Pacha alikuwa zamu.

Waliondoka Jumanne alfajiri. Hadi saa nne ziwa lilikuwa limelala. Saa tano upande mmoja wa mbingu ukaingia rangi ya jeraha lililokaa siku tatu, upepo ukaja bila kubisha hodi, na mawimbi yakaanza kuinyanyua boti na kuibwaga kama mtu anayepepeta nafaka. Mwalimu alikumbatia dumu la mafuta akafumba macho.

"Dada, tukilazimisha hapa tunaliwa!" Fundi akapiga kelele. Akageuza usukani kuelekea bandari ndogo iliyokuwa kushoto kwao, na kwa neema tu wakafika wakiwa watatu vilevile.

Bandari ilikuwa na jeti ya zege ya kufungia vyombo, ofisi ya chumba kimoja yenye mlingoti wa bendera, na ukumbi wa abiria: mabati juu, mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni kwa nati, na ukutani soketi moja ya umeme. Mkuu wa bandari, mtu mnene mwenye mafua, aliwapokea akiwa na leso begani.

"Bendera nyekundu ikiwa juu, chombo hakitoki," akasema. "Ikishuka, mnatoka. Mimi sina neno jingine." Akapiga chafya, akarudi ofisini.

Ukumbini walikuta watu wengine waliokimbia upepo. Jumla, ukiwahesabu na wao, walitimia thelathini na wanne. Alikuwamo mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye boti kubwa iliyojaa magodoro. Kila mtu alimwita Mama Magodoro. Alikuwamo bwana harusi, suti yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na wapiga tarumbeta wanne aliowakodi. Harusi ilikuwa Jumamosi, ng'ambo ya pili. Waliobaki walikuwa wachuuzi wa samaki na abiria wa kawaida, wenye vikapu na watoto.

Kasheshe ilianza jioni ileile, na chanzo chake kilikuwa soketi. Mpiga tarumbeta mmoja alichomoa simu ya mchuuzi akachomeka yake. Mchuuzi akaichomoa akaitia kwenye ndoo ya samaki. Mama Magodoro alipoinuka kuamua, alimshika ukosi mtu asiyehusika kabisa. Watoto wakalia, tarumbeta moja ikagongwa ukutani ikatoa mlio wa ng'ombe anayezaa.

Mwalimu akapanda juu ya benchi. Hata mkewe hakujua kwamba atapanda.

"Kaeni chini!"

Sauti ile ilikuwa imenyamazisha madarasa ya watoto sabini kwa miaka arobaini. Watu thelathini na watatu wakakaa. Hata mkuu wa bandari, aliyekuwa anapita tu kutafuta kikombe chake, alikaa.

"Simu ni ngapi? Nyoosheni mikono." Akahesabu. "Ishirini na sita. Umeme unawaka jumla ya saa ngapi kwa siku?"

"Saa kumi na nne," mkuu wa bandari akajibu kwa adabu.

Mwalimu akatoa kalamu. "Kila simu dakika thelathini na mbili. Zinabaki dakika nane."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mama Magodoro, ambaye alikuwa bado ameshika ukosi wa mtu, akasema, "Huyu ndiye. Huyu awe mwenyekiti wetu mpaka upepo utulie. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Mwalimu aliihesabu mara mbili: thelathini na miwili. Haukuwamo wa kwake, kwa heshima, wala wa Fundi, ambaye alipokaa tu alipitiwa na usingizi. Mama Pacha, mkono wake ukiwa juu, alimwona mumewe akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa amemwona vile tangu siku pacha wao walipozaliwa, alipoambiwa subiri, kuna mwingine.

Kamati ya Wanaosubiri ikazaliwa hivyo. Bwana harusi, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, akawa katibu. Mama Magodoro akapewa malazi: alishusha magodoro, akayapanga ukumbini yakiwa bado kwenye nailoni zake, ikawa mtu mmoja akijigeuza, wote wanasikia kama mvua inaanza upya. Fundi, aliyekuwa akilalamika kutwa, alipewa Kamati Ndogo ya Hali ya Hewa ili alalamike kwa utaratibu. Mara tatu kwa siku alikwenda jetini, akalowana, akarudi kutoa taarifa.

"Mbaya," alisema Jumatano asubuhi. Mchana akasema, "Mbaya sana." Jioni akasema, "Mbaya kiasi."

Hapo pakazuka hoja. Mchuuzi mmoja alitaka kujua "mbaya kiasi" ni kiasi gani. Mpiga tarumbeta akasema, kama kuna "mbaya sana," basi lazima iwepo "mbaya kabisa," na je, nani ataitambua ikija? Walijadili mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mwalimu alitoa uamuzi, katibu akaandika: kuanzia sasa, ili kuepusha mkanganyiko, taarifa ya hali ya hewa itatumia neno moja tu lililoidhinishwa, yaani "mbaya."

Hoja iliyowashinda ilikuwa ile ya dakika nane. Zilikuwa zimebaki, na kila mtu alizitaka. Wengine walisema apewe mwenye mtoto mdogo. Mama Magodoro alisema apewe aliyeleta magodoro. Mwalimu alieleza, kwa chaki aliyoiokota sijui wapi, kwamba dakika nane ukizigawa kwa simu ishirini na sita kila mtu anapata sekunde kumi na nane, na bado zinabaki sekunde kumi na mbili, na hizo nazo lazima ziwe na mwenyewe. Hoja ikaahirishwa Jumatano. Ikaahirishwa Alhamisi. Simu ya bwana harusi ilipolia, aliinama chini ya benchi akanong'ona, "Nipo kikaoni, mpenzi. Nitakupigia."

Na Mwalimu? Mwalimu alinawiri. Alikula. Alitembea mikono nyuma kati ya magodoro, watu wakimsalimu, "Shikamoo, Mwenyekiti," naye akiitikia, "Marahaba, marahaba," kama mtu anayegawa peremende. Akilala alikuwa anatabasamu. Mama Pacha alimtazama, akaona huruma, na akaona pia raha kidogo, akaamua kumwacha.

Ijumaa alfajiri upepo ulikufa. Ulikatika ghafla, kama mtu aliyesahau alichokuwa anagombania. Jua likatoka, ziwa likawa kioo, mbayuwayu wakaanza kunywa maji wakiwa hewani. Mkuu wa bandari akashusha bendera nyekundu, akaikunja, akaiweka kwenye droo.

Fundi aliingia ukumbini mbio. "Nzuri!" akasema. "Hali ya hewa nzuri, jamani! Twendeni!"

Katibu akapekua daftari.

"Mjumbe," Mwalimu akasema taratibu, "neno hilo halimo kati ya yaliyoidhinishwa."

"Shemeji, toka nje utazame!"

"Nikitoka, kikao kitakuwa hakina mwenyekiti. Lete taarifa kwa utaratibu."

"Nilete vipi? Mmenipa neno moja!"

"Basi tulete hoja ya kuongeza neno la pili. Katibu, iweke mwisho wa ajenda."

"Itakuwa ya kumi na moja, Mwenyekiti," bwana harusi akasema, akaandika kwa mwandiko wake mzuri. "Sasa hivi tupo ya tatu. Dakika nane."

Usidhani watu walipinga. Mmoja alikwenda mlangoni, akachungulia ziwa lililokuwa limetulia kama maji ya beseni, akarudi akakaa, maana alikuwa wa pili katika orodha ya wachangiaji na hakutaka kupoteza nafasi yake. Mkuu wa bandari alikuja mwenyewe kuwaambia bendera imeshuka. Aliambiwa anyooshe mkono kwanza. Akanyoosha. Akaambiwa yeye ni mwalikwa, anaweza kusema lakini hawezi kuamua. Alifikiri kidogo, akaona hilo halina tofauti na kazi yake ya kila siku, akakaa mstari wa nyuma na leso yake.

Saa sita mchana Mama Pacha alimwomba mumewe watoke nje dakika moja. Mwalimu akaahirisha kikao kwa dakika mbili, akamfuata mpaka kwenye ukuta wa ofisi.

"Baba Pacha, ziwa limetulia."

"Naliona."

"Basi?"

Mwalimu aliitazama kalamu yake. "Mama Pacha, wale watu wamenyoosha mikono. Uliiona? Thelathini na miwili. Hata wewe."

"Hata mimi."

"Nikipanda boti ile, nakuwa nani? Nakuwa yule anayekumbatia dumu." Aliisema bila hasira, kama anayesoma jibu nyuma ya kitabu. "Niache nimalize japo ajenda moja. Moja tu. Sijawahi kumaliza."

Mama Pacha alikuwa amekaa pembeni ya vitanda vingi, akajua kuna maumivu ambayo ukiyagusa yanazidi. Alimfunga kifungo cha juu cha shati kilichokuwa kimefunguka.

"Sawa," akasema. "Mimi naenda kuwaona ndege wangu. Nitakupitia nikirudi. Kula, na usilale kwenye ile nailoni bila shuka, inakutoa jasho."

Akamwita mdogo wake, wakaondoka. Mwalimu aliwasindikiza kwa macho mpaka sauti ya injini ikawa kama ya nzi, kisha akarudi ndani, kwa sababu dakika mbili zilikuwa zimepita na yeye hakuwa mtu wa kuchelewa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, kikao kikiwa bado kwenye dakika nane, boti ya kasi ilifunga jetini. Akashuka bibi harusi. Alikuwa amevaa gauni jeupe na mabuti ya mpira, shada mkononi, na nyuma yake shangazi zake wawili, mmoja amepakata keki. Aliingia ukumbini, viatu vikilia fyoto fyoto. Bwana harusi alimwona, kalamu ikamdondoka.

Bibi harusi hakumwendea. Alitazama ukumbi, akaelewa mambo yanavyokwenda mle ndani, akanyoosha mkono.

Mwalimu hakuwahi katika maisha yake kuupuuza mkono ulionyooshwa. "Ndiyo, binti. Lakini wewe ni mjumbe?"

"Shikamoo, Mwalimu. Mjumbe ni nani?"

"Marahaba. Mjumbe ni mtu aliyekwama kwa kusubiri."

"Basi nipigie hesabu. Hawa wamesubiri upepo siku ngapi?"

"Tano."

"Mimi huyu hapa," akamwonyesha bwana harusi kwa shada, "nimemsubiri miaka sita amalize kujiuliza. Halafu leo nimemsubiri tangu saa mbili asubuhi, nimesimama, watu mia tatu wakinitazama, na simu yake inaniambia yuko kikaoni. Nani humu ndani kasubiri kuliko mimi?"

Shangazi mwenye keki alisema "Ehee!" kwa sauti ndogo. Mwalimu alipiga hesabu kichwani, kwa uaminifu, akiweka hata siku ya ziada ya mwaka mrefu mmoja, na jibu lilikuwa moja tu.

"Wewe umesubiri kuliko wote," akasema. "Ni mjumbe halali."

Mama Magodoro akasimama. Magodoro yake yalikuwa yameanza kubonyea katikati, na tangu asubuhi alikuwa na neno kooni. "Mwenyekiti, kwa heshima zote. Hii ni Kamati ya Wanaosubiri. Kama kuna aliyesubiri kutuzidi, si ndiye akae kwenye kiti? Napendekeza bibi harusi."

Mwalimu angeweza kusema hoja hiyo iwe ya kumi na mbili. Wale waliokuwapo walisema baadaye kwamba waliona mdomo wake ukifunguka kusema hivyo. Lakini alisema, "Wanaokubali?" akaanza kuhesabu mikono. Alihesabu mara mbili, kama siku ile. Ilikuwa mingi. Alipofika mwisho aliongeza mmoja, akanyoosha wa kwake, maana hesabu ilikuwa sahihi na yeye hakuweza kuipinga.

Akashuka kwenye benchi. Bibi harusi akapanda, akashika gauni lisikanyagwe na mabuti.

"Kikao kimefungwa," akasema. "Wewe, vaa suti."

Ungeona watu! Kana kwamba mtu amefungua mlango wa banda. Magodoro yalibebwa kichwani, vikapu vikarushwa, watoto wakapitishwa madirishani. Watu waliokuwa wakisubiri zamu ya kuchangia sasa walikuwa wanakanyagana wakiulizana kwa nini hawakuondoka jana. Bwana harusi alivaa suti nyuma ya godoro, shangazi wawili wamelishikilia kama pazia. Katika nusu saa boti zote zilikuwa majini, zimejipanga nyuma ya bibi harusi, na tarumbeta zikilia, ile iliyogongwa ukutani ikikosea wimbo kwa furaha. Walimwita Mwalimu apande, wote, hata mchuuzi aliyetia simu kwenye ndoo. Alikataa kwa upole.

"Namsubiri mke wangu," akasema.

Mama Pacha alirudi Jumapili kabla ya adhuhuri. Alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa jeti na mfuko wake umefungwa, mkuu wa bandari pembeni yake, wanakula mkate. Ukumbi nyuma yao ulikuwa umefagiwa. Mkuu wa bandari ndiye aliyemsimulia yote, akipiga chafya penye utamu, na Mwalimu hakumkatiza popote.

"Ulinyoosha mkono wako mwenyewe?" Mama Pacha akauliza.

"Hesabu ilikuwa sahihi."

Alikaa karibu naye. Hakumpa pole, maana hakutaka kumfanya mgonjwa.

"Ndege wako je?" Mwalimu akauliza.

"Wananuka, Baba Pacha! Hukuwahi kusikia harufu kama ile. Ule weupe wote niliokuwa nauona dirishani, nusu yake ni mavi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Miaka thelathini na mmoja! Na ni wazuri, usiniulize vipi. Nilikaa jana kutwa nzima nimeziba pua kwa kanga, sikutaka kuondoka."

"Ni wangapi?"

"Nitajuaje? Wengi."

"Wengi si namba," Mwalimu akasema.

Mama Pacha akamtazama, kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa tayari ameanza kufunga kamba. "Geuza boti. Tunarudi kisiwani."

"Dada! Si ndiyo kwanza tumetoka huko?"

"Geuza."

Njia nzima Mwalimu alitapika. Ziwa lilikuwa shwari kama meza, lakini yeye alitapika vilevile, ameinamia ubavuni mwa boti, na Mama Pacha amemshika shati kwa nyuma, kwa mkono uleule uliowashika mamia ya watu wasianguke vitandani. Hakumwambia inatosha, wala karibu tunafika. Mchana ulipoanza kupungua makali, harufu ikawafikia kabla ya kisiwa, Fundi akajifunga kitambaa puani, na mawe meupe yakasimama mbele yao, yamejaa mabawa na makelele.

Mwalimu aliinua kichwa. Alijifuta mdomo, akavaa miwani, akanyoosha kidole kuelekea jiwe la kwanza upande wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika mia moja arobaini na tatu, ndege wote wakaruka kwa pamoja, wakazunguka juu ya boti, kisha wakatua tena, kila mmoja mahali pengine.

"Wamechanganyika," Mama Pacha akasema.

"Naona," akasema Mwalimu. "Moja. Mbili. Tatu."